Ufunguo Mbovu, Lawama kwa Dereva



Leo naomba tuziweke pembeni siasa za kwetu, tuzungumzie ufunguo. Ndiyo, ufunguo wa kuwashia injini. Najua wapo watakaosema mwandishi kaishiwa na mada, baridi ya Kanada imempanda kichwani. Nawaomba subira, kwa sababu ndani ya kijiufunguo hiki kuna jambo linalotuhusu sote, uwe unaendesha daladala Mbagala, matatu Kisumu au lori la takataka hapa Ontario.

Hoja yangu naiweka mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta. Kosa likifanywa na mtu mmoja, mlaumu mtu huyo. Likifanywa na watu wengi, wasiojuana, kwa namna ile ile na kwenye chombo kile kile, basi waache watu, kamata chombo. Na ukishakikamata chombo, mtafute aliyekibuni.

BODA BODA YA THELUJI

Wengi mlioko nyumbani hamjaiona pikipiki ya theluji isipokuwa kwenye sinema. Haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kuteleza zinazoshikwa na usukani, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama minyororo ya kifaru cha jeshi. Mtu anakaa juu kama anavyokaa kwenye pikipiki, anaondoka.

Baba wa chombo hiki ni fundi mmoja wa Quebec, Joseph-Armand Bombardier. Mwaka 1934, katikati ya majira ya baridi, mtoto wake wa kiume wa miaka miwili aliugua na hakukuwa na njia ya kumfikisha hospitali kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara. Mtoto akafa. Bombardier, ambaye tangu ujana alikuwa akihangaika na mashine za kupita juu ya theluji, hakuacha. Mwaka 1937 akatoa gari lake la kwanza la theluji la kuuzwa, lenye kubeba abiria, na mwaka 1959 ikaja ile ndogo iliyopata umaarufu, Ski-Doo.

Kwa hiyo msidhani ni mchezo wa matajiri tu. Matajiri wanaichezea, ni kweli. Lakini kaskazini ya Kanada, kwa jamii za Wainuit na Wakri, kwa wavuvi wanaotoboa barafu na wawindaji, hii ndiyo boda boda. Ndiyo inayobeba mgonjwa, kuni na chakula. Ikizimika porini wakati baridi iko nyuzi 30 chini ya sifuri, na nyumba ya karibu iko kilomita 40, hapo unazungumzia roho ya mtu, sio usumbufu.

STATA INAUNGUAJE?

Twende taratibu, maana si kila msomaji ni fundi.

Zamani injini ya gari iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya gari. Injini ikiwaka kwa kurudi nyuma, ule mkono ulivunja mifupa ya watu. Mmarekani Charles Kettering akatengeneza mota ya umeme ya kuwashia injini, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka nayo. Hiyo ndiyo stata. Tazameni basi asili yake: ilizaliwa ili mashine isimuumize mtumiaji.

Stata ni mota ndogo yenye nguvu kubwa. Ukizungusha ufunguo mpaka mwisho, umeme mwingi unatoka kwenye betri kwenda kwake. Kigia chake kidogo kinaruka na kung'ata meno ya gurudumu kubwa la injini, kinalizungusha, injini inawaka. Ikishawaka, kazi ya stata imekwisha. Kigia kinatakiwa kirudi nyuma na umeme ukatike mara moja. Stata imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu, halafu ipumzike. Ukiiacha ikizunguka inachemka, waya zake zinaungua, meno yanalika, na betri inakwisha.

Sasa nani anayekata umeme? Kwenye mashine nyingi ni kijispringi ndani ya swichi ya ufunguo. Ufunguo una hatua tatu: kuzima, kuwa hewani, na kuanzisha. Ukishaachia ile hatua ya tatu, springi inatakiwa iurudishe ufunguo wenyewe kwenye hatua ya pili. Dereva hafikirii. Anaachia mkono, basi.

Ugonjwa ninaouzungumzia uko hapo, na una sura mbili. Sura ya kwanza: springi ni dhaifu, au grisi ndani ya swichi imeganda kwa baridi, au unyevunyevu umegeuka barafu, na ufunguo unakwama katikati, haurudi. Injini imewaka inanguruma, dereva kavaa kofia ngumu na glovu nene kama mto wa kulalia, hasikii wala hahisi chochote. Huku chini stata inaendelea kuburuzwa na injini inayozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika. Sura ya pili: swichi haina kizuizi. Magari mengi ya ufunguo yana kijichuma kinachokukatalia kuanzisha mara ya pili mpaka kwanza urudishe ufunguo kwenye kuzima. Swichi ya bei rahisi haina. Glovu ikiugonga ufunguo wakati injini inatembea, kigia kinarushwa kwenye meno yanayozunguka kwa kasi. Mlio wake mnaujua: krrrrr! Kama kopo linalosagwa.

Dawa yake haihitaji chuo kikuu. Springi yenye nguvu. Mpira wa kuzuia maji. Kijichuma cha kizuizi. Au rilei inayokata umeme wa stata pale injini inapokwisha kuwaka, kama zinavyofanya mashine nyingi za kisasa ambazo kompyuta ndiyo inayoamua. Vitu vya bei ndogo. Kiwandani vinapunguzwa senti, porini zinalipwa dola.

"UMEUSHIKA VIBAYA"

Jamaa yetu mmoja, mtu wa Maziwa Makuu, anafanya kazi kwenye kambi ya wavuvi kaskazini ya hapa ninapoishi. Alinunua pikipiki ya theluji iliyotumika. Msimu wa kwanza stata ikaungua. Akaipeleka kwa muuzaji, ambaye jina lake silitaji. Jibu likawa fupi: umeushika ufunguo muda mrefu. Akalipa stata mpya, fedha inayozidi mshahara wake wa wiki. Msimu haujaisha, ya pili ikaungua. Jibu lile lile, safari hii likiwa na nyongeza kwamba "ninyi watu wa nchi za joto hamjazoea mashine hizi."

Yule bwana akaamini! Hili ndilo lililoniuma. Akaanza kuwashauri wenzake jinsi ya kushika ufunguo kwa adabu, kama vile ufunguo ni mkwe. Mpaka siku fundi mmoja mzee wa hapa hapa, aliyezaliwa kwenye theluji, alipofungua swichi akaiweka mezani, akaubonyeza ufunguo, ukabaki pale pale ulipo. Springi ilikuwa imelegea. Mzee akasema na yeye kabadilisha stata kadhaa za aina ile ile, za watu ambao babu zao hawajawahi kuiona Ikweta.

Ndugu zangu, tafakarini. Mtu aliyekimbia vita, akajifunza lugha mpya akiwa na miaka zaidi ya 30, anapoambiwa kosa ni lake anakubali upesi kuliko mwenyeji. Mgeni amezoea kuomba radhi. Anadhani kila kinachoharibika mikononi mwake kimeharibika kwa sababu ya mikono yake. Na muuzaji analijua hilo, ndiyo maana dhamana nyingi zina kile kifungu cha "matumizi mabaya". Kifungu hicho ni mlango wa kutokea. Chochote kikitokea, wanapita hapo.

Mimi ni mwandishi niliyeondoka kwetu kwa sababu ya kalamu, na lugha hii ya kumlaumu mtumiaji naijua kwa sauti yake. Kivuko kikizama, abiria walijaa kupita kiasi, kana kwamba abiria ndiye aliyekata tiketi na kuruhusu nanga ing'olewe. Umeme ukikatika, wananchi wanatumia vibaya. Anayetengeneza na anayesimamia hawaonekani. Anayeonekana ni yule aliyeshika ufunguo.

SENTI 57 NA ROHO 124

Atakayesema nakuza jambo, kwamba stata ni stata na hakuna aliyekufa, namwomba twende naye Marekani, kwenye kampuni ya General Motors. Hii sio hadithi ya kijiweni. Ilisikilizwa bungeni Washington na ipo kwenye kumbukumbu.

Mwaka 2002 kampuni hiyo iliidhinisha swichi ya ufunguo kwa ajili ya magari yake madogo, pamoja na kwamba swichi ilikuwa laini kuliko kipimo chao wenyewe. Maana yake, ufunguo uligeuka kirahisi mno. Rundo zito la funguo likining'inia, au goti la dereva likigusa, ufunguo ulirudi nyuma na injini ikazimika gari likiwa kwenye mwendo. Injini ikizimika, usukani unakuwa mzito, breki zinapoteza msaada wake, na mifuko ya hewa inayomkinga mtu wakati wa ajali haifunguki. Magari yenyewe ni kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, magari ya bei nafuu, ya vijana na watu wa kipato cha chini.

Malalamiko yakaja. Mwaka 2005 wahandisi wakapendekeza marekebisho, yakakataliwa kwa sababu ya gharama na muda. Badala yake, Desemba mwaka huo, wauzaji wakapelekewa waraka. Unajua ulisema nini? Kwamba tatizo linaweza kumpata zaidi dereva mfupi mwenye rundo zito la funguo, na ashauriwe apunguze vitu kwenye rundo lake. Jamani! Gari linazimika barabarani, dawa ni dereva kuwa mrefu na kuwa na funguo chache. Tofauti ya jibu hilo na lile alilopewa jamaa yetu wa kambini iko wapi?

Mwaka 2006 swichi ikabadilishwa kimya kimya ikawa ngumu kidogo, lakini namba ya kifaa ikaachwa ile ile ya zamani, kwa hiyo aliyechunguza makaratasi hakuona mabadiliko yoyote. Siri ilifichuka baada ya dada mmoja kufariki katika jimbo la Georgia mwaka 2010, na wazazi wake kukataa kuambiwa kwamba binti yao hakujua kuendesha. Mtaalamu waliyemtumia alifanya jambo rahisi kabisa: alinunua swichi mpya dukani, akaiweka pembeni ya ile ya zamani, akazilinganisha. Hazikuwa sawa.

Februari 2014 ndipo kampuni ilipoanza kuyaita magari yarudi kurekebishwa, na hesabu ikapanda mpaka magari milioni 2.6. Kwenye kikao cha Bunge Aprili mwaka huo ilitajwa kwamba kifaa chenyewe gharama yake ni senti 57. Mfuko wa fidia uliokuja baadaye ulikubali madai ya vifo 124 na majeruhi 275. Watu 15 walifukuzwa kazi, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai na serikali. Aliyekwenda jela? Hakuna.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Juni 2014 ilieleza jambo ambalo kila mwajiriwa wa serikali ya kwetu atalitambua. Kwa miaka mingi tatizo lile liliandikwa katika fungu la "kero kwa mteja" na halikuwekwa kwenye fungu la usalama. Ripoti ikaeleza pia vikao ambamo watu wote waliitikia kwa kichwa kwamba jambo lifanyike, kisha wakatoka na hakuna aliyelifanya.

SPRINGI MBILI ZA JAPANI

Sasa tuvuke bahari, maana wapo waliolielewa hili mapema.

Mwaka 1961 mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo, alitembelea kiwanda kilichokuwa kinaunganisha swichi ndogo yenye vitufe viwili na springi mbili chini yake. Wafanyakazi wakati mwingine walisahau kuweka springi moja. Mabosi wakafanya kinachofanywa na mabosi duniani kote: wakakaripia, wakasema muwe makini. Springi zikaendelea kusahauliwa. Shingo akaleta kisahani. Mfanyakazi achukue kwanza springi mbili aziweke kwenye kisahani, ndipo aunganishe. Springi ikibaki kwenye kisahani, anaiona kwa macho yake. Tatizo likaisha, na hakuna aliyetukanwa.

Mwanzoni mbinu hizi ziliitwa kwa Kijapani jina lenye maana ya kumzuia mjinga. Mwaka 1963, kwenye kiwanda kingine, mfanyakazi mmoja alijisikia ametukanwa na jina hilo, na Shingo akalibadilisha. Akaliita poka-yoke, maana yake kuzuia kuteleza. Neno moja tu limebadilika, lakini heshima ya mtu imerudi. Mwanadamu sio mjinga. Anateleza, anachoka, anavaa glovu, ana mtoto analia kiti cha nyuma. Chombo kizuri kinalijua hilo kabla hakijatoka kiwandani.

NA SISI JE?

Nyumbani hatuna theluji, isipokuwa kule juu Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, na huko hakuna anayepanda na Ski-Doo. Lakini swichi za funguo tunazo kwa mamilioni, na nyingi zimekwisha kutumika Japani au Uingereza kabla hazijashuka Mombasa, Dar es Salaam au Durban. Nani hajawahi kupanda gari ambalo dereva analiwasha kwa kisu, au kwa kugusanisha nyaya? Nani hajawahi kushuka kusukuma?

Kiwanda kikigundua kasoro, taarifa inapelekwa kwa mwenye gari anayejulikana katika nchi lilikosajiliwa. Gari likishapanda meli, barua inabaki Osaka. Mnunuzi wa Mwanza au Bukavu hajui kwamba gari lake liliitwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na ni sheria yenye maana yake, lakini umri wa gari haukuambii kama swichi yake ilizaliwa na kilema. Gari la miaka 3 linaweza kuwa nacho.

Na lile gari likizimika kwenye mteremko wa Kitonga likaua watu, asubuhi tutasoma nini magazetini? "Uzembe wa dereva." Sikatai, madereva wazembe wapo, na walevi wapo. Ninachouliza ni hiki: nani aliyefungua swichi akaangalia?

TUFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kukubali kosa, uliza wengine. Kama stata yako imeungua mara mbili, watafute wenye mashine kama yako. Mtu mmoja ni malalamiko. Watu kumi wenye simulizi moja ni ushahidi.

Pili, usikubali kifaa cha zamani kibaki kwa fundi. Dai swichi yako iliyotolewa, iweke kwenye mfuko, andika tarehe. Wale wazazi wa Georgia walishinda kwa sababu gari lilihifadhiwa na swichi ikafunguliwa.

Tatu, peleka taarifa panapohusika. Hapa Kanada pikipiki za theluji ziko chini ya sheria ya usalama wa vyombo vya moto, na Wizara ya Uchukuzi inapokea malalamiko ya kasoro kutoka kwa mtu yeyote. Marekani ni tume ya usalama wa bidhaa za walaji. Si lazima Kiingereza chako kiwe cha Shakespeare. Andika aina ya mashine, mwaka, namba ya chesisi, nini kilitokea, mara ngapi. Karatasi yako ikiwekwa juu ya karatasi ya mwingine ndipo mtu wa ofisini anaanza kuhesabu.

Nne, kwa wenzetu mnaonunua magari ya Japani, viwanda vikubwa vina kurasa kwenye intaneti ambapo unaweza kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari liliitwa. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Na wabunge wetu, wanaojua kupitisha kodi ya gari kwa usiku mmoja, washindwe nini kuzitaka mamlaka za viwango ziangalie orodha hizo kabla gari halijapewa namba?

Yule jamaa wa kambini amefunga swichi mpya yenye mpira wa kuzuia maji, na rilei ya pembeni. Stata ya tatu imemaliza msimu mzima. Mikono ni ile ile ya mtu wa nchi ya joto, na glovu ni zile zile. Fedha za stata mbili za kwanza hajarudishiwa mpaka leo, na barua aliyoiandika kudai bado haijajibiwa. Nimemwambia aandike nyingine.

Wasalaam.